Kuzaa bila malipo, lakini nani anajua kichwa cha mtoto kimefika wapi?

Tangu Septemba 2023, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilipozindua mjini Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, ule ambao wengi wanauita kwa kifupi "gratuite", mjadala umekuwa wa pesa. Hospitali zitarudishiwa gharama zake lini? Jimbo gani litafuata? Nani atahakikisha mama haombwi franga kwa mlango wa nyuma? Ni maswali ya haki. Nchi hii imezoea kuona wanawake wakizuiliwa hospitalini pamoja na watoto wao wachanga mpaka familia ilipe deni.

Kuna swali lingine ambalo halisikiki katika hotuba, na kwa mwanamke anayezaa mara ya kwanza lina uzito kuliko bei ya kitanda. Ni saa nane za usiku katika kituo cha afya cha kijijini. Uchungu umeanza tangu jana mchana. Muuguzi wa zamu yuko peke yake, taa ni ya simu. Je, anajua kichwa cha mtoto kimeshuka mpaka wapi? Anajua kisogo kinatazama upande gani? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama mama abaki hapo azae salama, au apandishwe pikipiki sasa hivi kabla ya kuchelewa.

Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2023 wanawake karibu 19,000 walikufa nchini Congo kutokana na mimba na kuzaa. Idadi hiyo inakaribiana na ile ya India, nchi yenye watu zaidi ya mara kumi ya Wacongomani. Wengi huuawa na kutokwa na damu, maambukizi, au shinikizo la damu la mimba. Uchungu uliokwama hauonekani sana juu ya orodha hiyo, lakini umejificha ndani yake: mama aliyekaa siku mbili na mtoto aliyekwama mara nyingi ndiye huyo huyo anayevuja damu baada ya kuzaa, au anayeshikwa na homa ya kizazi wiki inayofuata.

Mimba ya kwanza si kama ya nne

Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa kuna ushahidi mmoja mkubwa: mtoto mwingine alipita hapo. Anayezaa mara ya kwanza hana ushahidi huo. Nyonga yake haijajaribiwa, mlango wa kizazi hufunguka polepole zaidi, na kazi ya kusukuma inaweza kuchukua saa mbili, hata tatu, bila kuwa ugonjwa. Kwa hiyo kwake ni vigumu zaidi kutofautisha uchungu unaokwenda taratibu na uchungu uliokwama. Tena wengi wa hawa mama wapya nchini ni wasichana wadogo, ambao mifupa ya nyonga haijamaliza kukua.

Kuna tofauti nyingine ambayo wakunga wa siku nyingi wanaijua vizuri. Mtoto akikwama, kizazi cha mwanamke aliyezaa mara nyingi hupambana mpaka kinapasuka. Cha yule wa mimba ya kwanza mara nyingi huchoka. Uchungu unapungua, mama analala kidogo, familia inamshukuru Mungu kwamba amepata nafuu. Wakati huo kichwa kimekibana kibofu kwenye mfupa kwa saa nyingi, nyama inakosa damu, inakufa, na siku chache baadaye mkojo unaanza kuvuja bila kukoma. Hiyo ndiyo fistula.

Dunia nzima inaijua hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, kwa sababu ya wanawake waliobakwa vitani. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba katika uchunguzi wa wagonjwa 604 wa fistula waliopokelewa huko, uliochapishwa mwaka 2008, ni 24 tu waliosema fistula yao ilitokana na ubakaji. Sehemu kubwa ya wengine waliumia katika kuzaa, yaani katika saa zilizopita bila mtu kutambua kwamba kichwa hakishuki.

Mkono wa juu na mkono wa ndani

Kuna njia mbili za kujua, na zote mbili hazihitaji umeme. Ya kwanza ni juu ya tumbo. Mkunga huweka vidole juu ya mfupa wa kinena na kukadiria ni sehemu ngapi kati ya tano za kichwa bado zinashikika. Tano kwa tano, kichwa bado kinaelea. Mbili kwa tano, sehemu yake pana zaidi imekwisha kuingia katika nyonga. Kipimo hiki hakileti maambukizi na kinaweza kurudiwa mara nyingi. Kwa tumbo hilo hilo, mwenye uzoefu hutafuta mgongo wa mtoto. Ukishikika kwa mbele, vizuri. Lakini ikiwa mbele kuna mikono na miguu tu, tumbo limebonyea chini ya kitovu, na moyo wa mtoto unasikika vizuri zaidi ubavuni kwa ile pembe ya Pinard, huenda kisogo kinatazama uti wa mgongo wa mama.

Ya pili ni kwa ndani. Vidole viwili hupima mlango umefunguka sentimeta ngapi, kisha hutafuta mistari ya fuvu. Utosi mdogo, ule wa nyuma, ni mahali mistari mitatu inapokutana. Ule mkubwa wa mbele hukutanisha minne. Vidole vikiupata mdogo upande wa kinena, kisogo kiko mbele, mtoto ameinamisha kichwa, njia ni nzuri. Vikiupata mkubwa upande huo, mtoto anatazama juu. Mtoto wa namna hiyo hupita kwa kipimo kikubwa zaidi cha kichwa, uchungu wake hurefuka, na mara nyingi mama hushikwa na hamu ya kusukuma kabla mlango haujafunguka wote. Hata hivyo wengi wao hugeuka wenyewe njiani. Ni karibu mmoja tu kati ya ishirini anayezaliwa akitazama juu. Ndiyo maana kujua upande peke yake hakutoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Inatakiwa kujua upande, halafu kurudi baada ya saa kadhaa na kuona kama kuna kilichobadilika.

Kuna mtego hapo. Uchungu ukirefuka, ngozi ya kichwa cha mtoto huvimba na mifupa ya fuvu hupandana. Uvimbe hufunika mistari, vidole havisomi tena kitu. Mbaya zaidi, uvimbe wenyewe unashuka. Anayepima kwa ndani tu anagusa kitu laini karibu na kutoka, anaandika "kichwa kimeshuka", na anamwambia mama asukume. Kumbe mfupa uko palepale ulipokuwa saa nne zilizopita. Mkono wa juu ya tumbo haudanganywi kirahisi hivyo. Kama tatu kwa tano za kichwa bado zinashikika juu ya kinena, kichwa hakijashuka, hata kama chini vidole vinagusa nywele.

Kwa bahati mbaya mkono huo wa juu unadharauliwa. Wengi wanauona kuwa kazi ya siku za kupimisha mimba, si ya chumba cha kuzalia, ambako kila mtu anauliza swali moja tu: amefunguka ngapi? Sentimeta ndizo zinazotangazwa kwa familia iliyokaa nje. Lakini mlango unaweza kufunguka mpaka kumi na mtoto asipite.

Makosa yanayofuata hapo yanajulikana katika karibu kila zone ya afya. Mama anachomwa sindano ya kuongeza uchungu wakati hakuna aliyeuliza kwa nini uchungu hauendi. Ikiwa kizazi kimechoka tu na kichwa kina nafasi, dawa hiyo, ikipimwa matone kwa matone katika hospitali, inaweza kumsaidia. Ikiwa kichwa kimekwama, inamkosesha mtoto hewa na kumpeleka mama kwenye hatari kubwa zaidi. Au watu wawili wanapanda kumkandamiza tumbo kwa mikono. Wanafanya hivyo kwa nia njema, wakiamini kwamba mtoto yuko karibu, kwa sababu vidole viligusa uvimbe.

Karatasi iliyotoka Harare

Kupima bila kuandika ni nusu ya kazi, maana maendeleo ya uchungu hayaonekani katika kipimo kimoja. Yanaonekana katika tofauti kati ya cha kwanza na cha pili, na ni vizuri zaidi vipimo vyote viwili vikitoka kwa mkono wa mtu mmoja. Partogramu, ile karatasi ya mistari ambayo kila muuguzi wa Congo aliisoma shuleni, ilitengenezwa kwa ajili hiyo, na historia yake inapita Afrika. Mmarekani Emanuel Friedman alichora katika miaka ya 1950, New York, jinsi mlango unavyofunguka saa kwa saa. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji unaoitwa leo Harare, wakaigeuza michoro hiyo kuwa chombo cha mahali pasipo na daktari.

Walichunguza wanawake wa mimba ya kwanza. Wakachora mstari wa tahadhari kwa kuwafuata wale waliokwenda polepole zaidi, sentimeta moja kwa saa. Mama akiuvuka mstari huo akiwa katika kituo kidogo, safari ya hospitali inaanza. Saa nne mbele wakachora mstari wa pili, na hapo hospitali inatakiwa kufanya kitu. Saa nne hizo zilikuwa muda wa barabara. Baadaye Shirika la Afya Duniani, WHO, lilijaribu karatasi hiyo kwa wanawake zaidi ya 35,000 wa Indonesia, Malaysia na Thailand, na matokeo yakatoka mwaka 1994: uchungu uliopita muda ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4.

Kisha ikaja shaka. Uchunguzi wa wanawake 5,606 wa Nigeria na wa jirani yetu Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wengi walikwenda polepole kuliko sentimeta moja kwa saa, hasa kabla ya kufika tano, na wakazaa vizuri. Mwaka huo huo WHO iliachana na kanuni ya sentimeta moja kwa saa. Ikasema uchungu wa nguvu uhesabiwe kuanzia sentimeta tano, na kwamba kwa mama wa mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 kutoka hapo. Mwishoni mwa 2020 ikatoa karatasi mpya ya kufuatilia uchungu. Humo zinaandikwa sehemu za kichwa zilizobaki juu ya kinena, upande wa kisogo, uvimbe, kupandana kwa mifupa. Yanaandikwa pia mambo ambayo zamani hayakuhesabiwa: kama mama ana mtu wake karibu, kama amekunywa kitu, kama amelala chali au anatembea.

Kwa daktari wa Lubumbashi mwenye chumba cha upasuaji upande wa pili wa ukuta, subira hiyo mpya ni habari njema. Kwa muuguzi aliye kilomita arobaini kutoka hospitali, kwa njia ya tope, kuna hatari aisome kama ruhusa ya kungoja. WHO haikusema hivyo. Karatasi yake ina kikomo kwa kila sentimeta: mama akikaa saa sita kwenye tano, au saa mbili na nusu kwenye nane, ni alama ya hatari. Lakini muda wa safari haumo. Mistari ya Harare ilikuwa nao. Anayefundisha karatasi mpya bila kumwambia muuguzi aondoe saa za barabara katika hesabu anakuwa ameacha ile sehemu iliyofanya karatasi ya zamani ifae huku.

Mashariki, saa hizo hazipimiki tena. Tangu M23 walipouteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, familia inayofikiria kumsafirisha mama usiku inahesabu vizuizi kabla ya kuhesabu kilomita. Mahali kama hapo uamuzi unatakiwa uchukuliwe jua likiwa bado juu, mapema kuliko karatasi yoyote inavyosema. Na kadiri uamuzi unavyokuwa wa mapema ndivyo unavyohitaji mkono usiokosea, kwa sababu kumtia mama njiani bure nako kuna hatari yake.

Ekografi itasaidia wapi?

Wako wanaoona jibu liko katika mashine. Ekografi za kubebeka zimekuwa ndogo, nyingine zinaunganishwa na simu, na wafadhili wanapenda kutoa kitu kinachopigwa picha. Kweli mashine inaona. Macho ya mtoto yakionekana upande wa kinena cha mama, hakuna tena ubishi juu ya kisogo. Huko Ireland, watafiti waliwafuata wanawake 514 wa mimba ya kwanza waliokuwa karibu kuvutiwa mtoto kwa kifaa. Pale madaktari walipotumia vidole tu, walikosea upande wa kichwa kwa mama mmoja kati ya watano. Pale ekografi ilipoongezwa, makosa hayakufika asilimia mbili. Kwa hiyo muuguzi wa kijijini anayekosea asichekwe na mtu wa mjini.

Ila uchunguzi huo huo, wa mwaka 2014, haukuona madhara kwa mama na mtoto yakipungua. Na mwingine wa Ufaransa, kwa wanawake 1,903, uliochapishwa mwaka 2015, ulitoa jibu ambalo wapenda mashine hawalitaji mara nyingi: waliopimwa kwa vidole na ekografi walipasuliwa zaidi kuliko waliopimwa kwa vidole tu, asilimia 7.8 kwa 4.9. Huenda daktari akishaona kwa macho yake kwamba mtoto anatazama juu, anakosa moyo wa kumngoja ageuke.

Ufaransa, upasuaji usio wa lazima ni kovu. Congo ni kovu pamoja na mimba nyingine tano. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulihesabu wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke. Msichana anayepasuliwa kwa mimba ya kwanza akiwa mjini, kisha akaolewa au akakimbilia mahali pasipo na hospitali, atabeba mimba ya pili na ya tatu juu ya kizazi chenye mshono. Uchungu ukimkuta mbali, mshono unaweza kufunguka. Gharama ya haraka ya siku ile hulipwa miaka minne baadaye, mahali pengine, na haitaandikwa kwa jina la hospitali iliyompasua.

Ekografi ya chumba cha kuzalia ina mahali pake: hospitali kuu ya rufaa, uchungu umesimama, na daktari lazima achague kati ya kungoja, kukigeuza kichwa kwa mkono, kutumia vantuzi ile inayonyonya kichwa na kukivuta, au kupasua. Hapo kukosea upande ni jambo baya sana, maana vantuzi ikishikizwa vibaya huponyoka au humuumiza mtoto. Katika kituo kidogo, ambako uamuzi ni mmoja tu, abaki au aende, mkono wa juu ya tumbo uliofundishwa vizuri unatosha, na haukosi betri.

Kwa hesabu ya "gratuite", vitu hivi ni vya bei ndogo mno: karatasi zilizochapwa, saa ya ukutani, pembe ya Pinard. Kilicho ghali ni watu. Wakunga wanaotoka ISTM wengi wanabaki mijini, na muuguzi aliye peke yake usiku na mama watatu hawezi kukaa na yule wa mimba ya kwanza, kumtembeza, kumnywesha, kumpima tena saa ya nne kwa mkono ule ule. Pia hakuna bei iliyowekwa kwa saa hizo. Hospitali huhesabu waliozaa na waliopasuliwa. Yule aliyengojewa kwa akili mpaka mtoto akageuka anaingia katika daftari kama kuzaa kwa kawaida, mstari mmoja kama wengine.

Kuna mahali pamoja ambapo tofauti inaonekana wazi, nayo ni barua ya kutumwa hospitalini. Mama akifika na karatasi iliyoandikwa "uchungu mrefu" tu, daktari wa zamu anaanza kupima upya tangu mwanzo, na saa nyingine inapotea wakati wa kumtafuta mtu wa maabara na mwenye ufunguo wa chumba cha upasuaji. Akifika na karatasi inayosema: mimba ya kwanza, sentimeta saba tangu saa kumi na mbili jioni, kichwa tatu kwa tano mara mbili mfululizo, kisogo nyuma, mifupa imepandana, moyo wa mtoto 150, na kituo kikawa kimeyasoma maneno hayo kwa simu kabla ya kuondoka, ufunguo unaweza kupatikana pikipiki ikiwa bado njiani.